Kupiga Biyari Mbele ya Mkwe

Ninyi vijana mnaopiga biyari pale mjini Baraka karibu na soko, huwa napita na kuwatazama. Mnapiga kama watu waliotukanwa. Mpira unaruka mezani unagonga ukuta, mwenye baa anafoka, nanyi mnacheka. Halafu mmoja wenu ananiona na bakora yangu, ananiita, "Mzee, kuja tukufundishe!" Mimi najipitia, maana mtu mzima akianza kujisifu mbele ya watoto hajui ataishia wapi. Lakini mjukuu wangu amenisumbua niandike, na mimi nimechoka kusumbuliwa, basi sikilizeni.

Hicho mnachokiita mchezo kilinilisha. Miaka ile ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wametukalia, mimi nilikuwa mpiga biyari wa kuajiriwa. Sikusema bingwa. Mabingwa walikuwa wengine, ng'ambo ya ziwa na mbali zaidi. Mimi nilikuwa mtu wa kazi tu: palipo na meza naitwa, nafika na fimbo yangu ndani ya mfuko wa turubai, nacheza na yeyote aliyepo, nalala, naondoka.

Mtauliza nani anamwajiri mtu acheze. Jueni kwamba Baraka ya wakati ule watu walikuwa wanangoja. Mnunuzi wa pamba anangoja lori, mchuuzi wa samaki anangoja mashua, nahodha anangoja ziwa litulie. Mtu anayengoja bila la kufanya hununua kidogo na kugombana sana. Bwana mwenye duka na baa alilitambua hilo. Alikuwa Mzungu, tukampa jina la Bwana Polepole, kwa sababu hata kupiga chafya alikuwa anafikiri kwanza. Akanunua meza kuukuu kutoka kilabu kimoja cha Kigoma, meza kubwa ya Waingereza yenye mifuko sita, na mchezo wake unaitwa snuka. Unapiga mpira mweupe ili uutumbukize mwekundu, kisha wa rangi nyingine, kisha mwekundu tena, hadi mezani unabaki mweusi peke yake. Hapo ndipo wanaume wanapoanza kujifuta jasho.

Siku meza ilipofika Baraka ilileta msiba. Chini ya kile kitambaa cha kijani kuna jiwe, vijana, jiwe la kweli lililochongwa bapa, na meza ile ilikuwa na mawe matatu. Wapagazi waliyatoa mashuani yakiwa yamefungwa shuka nyeupe yasikwaruzwe, wakayabeba mabegani taratibu kwa jinsi yalivyokuwa mazito. Nyuma yao akaja Bwana Polepole, kofia mkononi kwa ajili ya joto, uso umeinama. Bamama waliokuwa wanafua ufukweni wakatazama: kitu kirefu, shuka nyeupe, mwendo wa polepole, Mzungu kavua kofia. Mmoja akapiga yowe, wengine wakapokea. Mawe yalipofika dukani, waombolezaji walikuwa wamekwisha kutandika mikeka, na mzee mmoja alileta kuku kwa ajili ya wafiwa. Bwana Polepole akadhani hiyo ndiyo desturi yetu ya kupokea meza. Akawashukuru wote, akapeana nao mikono, machozi yakamlengalenga. Mzee alipoambiwa hakuna maiti alikataa kurudi na kuku wake. "Kitu ya kilio hairudiake ku nyumba," alisema. Tulimla yule kuku siku ile ile.

Pamoja na meza alikuja fundi wake, Rajabu wa Ujiji, mtu mfupi mwenye kanzu safi na ulimi mkali. Ndiye mwalimu wangu. Mimi wakati ule nilikuwa nashona magunia ya pamba ghalani, na meza ilipangwa humo humo ghalani, maana chumba cha mbele kilikuwa cha Wazungu na sisi hatukuruhusiwa kukaa. Rajabu aliona mkono wangu unavyopitisha sindano, akasema, "Kijana huyu hatetemeki. Nipeni."

Nilifikiri atanipa fimbo, akanipa brashi. Pamba inaachia nyuzi ndogo ndogo hewani, na uzi mmoja kitambaani unatosha kuupindisha njia mpira unaokwenda polepole. Nikapiga brashi, kila siku, kutoka upande mmoja kwenda mwingine na kamwe si kinyume, kwa sababu kitambaa kina malaika, vile vinyweleo laini, kama ngozi ya paka. Kisha pasi ya makaa, vuguvugu, maana unyevu wa ziwa unakifanya kizito. Kisha sahani ya maji: unaiweka katikati ya meza, unachuchumaa, unatazama maji yameegemea wapi, unakunja kipande cha jani la mgomba unakiweka chini ya mguu wa meza. Nilipomuuliza nitaanza lini kupiga, Rajabu alinijibu, "Kwanza meza ikujue. Ukimkaribia mgeni kwa pupa, hata salamu hapokei."

Fimbo alinipa baadaye, na chupa. Alilaza chupa tupu ya bia mezani akaniambia niingize ncha ya fimbo mdomoni mwa chupa na kuitoa, mbele nyuma, bila kugusa kioo. Jaribuni leo, ninyi mnaojua. Wiki nzima ghala lilikuwa linalia ting, ting, ting, hata wachambuzi wa pamba wakaomba nifukuzwe. Siku chupa iliponyamaza, Rajabu hakunisifu. Alisema tu, "Sasa lete mpira."

Ngozi ya nchani mwa fimbo ikilika, hapakuwa na duka la kununua nyingine. Tulikata ngozi ya kiboko kutoka rasi ya Ubwari, tukaitwanga ikawa ngumu kiasi, tukaigandisha kwa gundi ya fundi viatu. Kiboko huyo huyo alitufaa mara mbili, kwa sababu mpira wa pinki ulipotea safarini. Mashua ilikuwa imejificha upepo Ubwari, sanduku likafunguliwa ili watu waone maajabu, na ajabu moja likatumbukia ziwani. Mchongaji wa pale akachonga mwingine kwa jino la kiboko na kuupaka rangi. Ulikuwa mzuri kuliko ndugu zake wote, ila ulikuwa na doa dogo ubavuni na tabia za mlevi: unaondoka vizuri, unafika kwingine. Wageni waliulaani. Mimi nilijua kwamba ukikaa na doa lake juu utanyooka, na doa likiwa pembeni nilikuwa nauacha, nasema nausikitikia.

Baada ya hapo nikaanza kutembea. Kazimia kulikuwa na meza kwa tajiri mmoja wa samaki. Sakafu yake iliinamia ziwani, na wenyeji walikuwa wanalenga mlimani ili mpira uende katikati. Nilipoisawazisha walinikasirikia, eti nimeiharibu, hakuna tena aliyejua kucheza. Nikaondoa jani langu la mgomba, tukapatana. Fizi, kule juu, ilikuwa meza ndogo isiyo na mifuko, na asubuhi baridi inafanya mipira kuwa mizito. Tuliiweka karibu na moto kwanza, kama viazi. Huko alikuwa anakuja mchungaji mmoja kutoka milimani, mtu mrefu mpole, akishauza ng'ombe wake anasimama na fimbo yake mwenyewe, ananitazama na fimbo yangu. Siku moja akaniambia, "Wewe unachunga vizuri, lakini ng'ombe zako hazinenepi." Mpaka leo sijui kama alinisifu.

Nitawaambia na siri moja ya kazi: kushindwa. Mtu wa kuajiriwa lazima ajue kushindwa kwa adabu. Nahodha wa mashua, kwa mfano, usimshinde siku ya kuondoka, utasafiri juu ya magunia. Lakini usikose kijinga, maana mgeni akigundua unamwachia, umemtukana. Kosa kwa upana wa kucha. Guna. Jilaumu. Itazame fimbo kana kwamba imekusaliti. Rajabu alikuwa anasema, "Mgeni mshinde leo, kesho mwache apumue, kesho kutwa atakuja mwenyewe kukutafuta." Ndivyo tulivyoishi.

Sasa nifike kwa Apolina, maana bila yeye mjukuu wangu asingekuwepo wa kunisumbua.

Apolina alikuwa binti wa mvuvi wa pale Baraka, anauza ndakala kavu, dagaa wetu wa ziwani, mbele ya duka, na kicheko chake kilikuwa kinapita ukuta wa ghala kikinikuta ndani. Nilimpenda. Naandika wazi. Nilikuwa nikimsikia, nakosa mipira ambayo hata chupa ingeipata. Mjomba wangu Asukulu akaenda kwao kuniposa kama inavyotakiwa. Baba yake, mtu wa maneno machache, akapokea jembe na mbuzi wa kwanza. Lakini kwetu baba anapokea mbuzi, na mama ndiye anayefungua mlango, na mama yake aliufunga.

"Kazi yake iko nini?" alimuuliza mjomba. "Nyavu anatupaka mu ziwa? Shamba iko nayo? Anatembeaka na fimbo sawa kipofu, na macho iko nayo!"

Mjomba akasema, "Anatumika kazi ku biyari, mama. Banamulipaka."

"Hata nyani banamulipaka akiruka. Miye sitoe mutoto kwa muntu wa kuruka."

Mjomba alinirudishia maneno hayo yote bila kupunguza hata moja, na akacheka. Mimi sikucheka. Nilijiona mwanamume mwenye kazi, na mama wa yule niliyemtaka aliniona nyani. Ningeweza kurudi kwenye magunia, lakini niliipenda kazi yangu, na nilimtaka Apolina, na sikuona kwa nini niache kimoja. Nikamwambia mjomba amwombe mama aje aone. Mjomba akatikisa kichwa: aje aone vipi, na yeye tayari ni mkwe?

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo, na ninyi wa leo mnaosalimiana na wakwe zenu kwa simu hamtalijua. Tangu jembe la kwanza lilipopokelewa, mama Apolina alikuwa mkwe wangu. Mkwe hatazamwi usoni. Ukimwona njiani unaingia majanini mpaka apite. Hamkai nyumba moja, hamsemeshani. Na kumpa mkwe mgongo ukiwa umeinama, hilo sitalieleza, wazee wanasoma.

Msimu wa soko la pamba ulifika, na Rajabu, aliyekuwa amekwisha kurudi kwao, akavuka tena kutoka Kigoma. Bwana Polepole alitaka watu wajae, akatangaza kwamba mwalimu na mwanafunzi watashindana siku ya soko, mchana. Asubuhi ya siku ile nilifungua ghala peke yangu. Nikapiga brashi. Nikawasha makaa, nikapiga pasi, nikaijaribu kwanza mkononi, nikapiga tena. Nikaweka sahani, nikachuchumaa, nikakunja jani, nikarudia mpaka maji yakatulia. Nikafuta mpira mmoja mmoja kwa kitambaa laini. Nje ya dirisha la upande wa ziwa, juu ya magunia, niliona pembe ya kikwembe chekundu, kitenge cha kujitanda. Nikadhani ni mmoja wa bamama wanaongoja kupimiwa pamba. Sikutazama mara ya pili.

Mchana ghala lilijaa hadi mlangoni. Rajabu alicheza kama alivyovaa, bila kukunjamana. Aliniacha nyuma, nikamfuata, akaniacha tena. "Mwanangu," aliniambia akipaka chaki, "umekua. Inaniudhi." Nikatumbukiza wa bluu, nikatumbukiza na ule mlevi wa pinki, watu wakapiga kelele, na mezani ukabaki mweusi peke yake. Atakayeutumbukiza ndiye mshindi, na zamu ilikuwa yangu.

Mweusi ulikuwa karibu na mfuko wa upande wa dirisha. Mweupe ulikuwa upande huu. Pigo la kawaida: unainama, unanyoosha fimbo kuelekea dirishani, unaupeleka. Nikainama, nikainua macho kufuata mstari, na mwisho wa mstari ule, dirishani, katika kikwembe chekundu, alikuwa amesimama mama Apolina ananitazama.

Nilisimama wima kama niliyeng'atwa na siafu.

Nikazunguka meza kutafuta njia nyingine. Ilikuwepo moja: kusimama upande wa dirisha, kuugonga mweupe kwenye ukingo wa meza wa upande huu, urudi uusukume mweusi mfukoni. Lakini hapo ningeinama mgongo wangu, na vyote vinavyoufuata mgongo, vikimwelekea mkwe. Nikarudi upande wa kwanza. Watu wakaanza kutazama ninapotazama, kisha wakatazama chini, mmoja baada ya mwingine, mpaka ghala lote likawa linachunguza vidole vya miguu. Rajabu aliona, akauma mdomo asicheke. Bwana Polepole peke yake hakuelewa. "Piga basi!" alisema, mara ya kwanza maishani mwake kumharakisha mtu.

Nilikuwa nimeshikwa pande zote mbili. Nikipiga, nimemdharau mama wa mchumba wangu mbele ya soko zima, na mlango ule hautafunguka tena. Nisipopiga, amekuja kuona kama nina kazi, na ameona mtu anayezunguka meza na fimbo sawa kipofu. Moyo uliniuma, vijana. Nikachagua adabu. Nikailaza fimbo juu ya meza, nikampa Rajabu mkono, nikasema, "Mwalimu, umeshinda."

Rajabu alikataa kuupokea. Na hapo ikatoka sauti dirishani, kubwa, ya mwanamke aliyezoea kuita mitumbwi.

"We dirisha! Miye sisemi na muntu, nasema na we dirisha. Umuambie ule muntu amalize kazi yake. Miye nafunika uso. Siko hapa."

Kikwembe kikapanda kikamfunika kichwa chote. Ghala zima likavuta pumzi. Nami nilisimama na neno moja tu masikioni: alikuwa amesema kazi.

Nikaichukua fimbo. Nikainama. Dirishani kulikuwa na kikwembe chekundu kilichosimama kama gunia, na naapa katikati yake palikuwa na tundu dogo, na katika tundu lile jicho. Mkono ambao Rajabu aliusifu kwamba hautetemeki ukatetemeka. Nikapiga. Mweusi ulikwenda vizuri, ukafika mdomoni mwa mfuko, ukafikiri kama Bwana Polepole, ukakaa nje.

Rajabu hakuhitaji hata kulenga. Aliutumbukiza, watu wakamshangilia, lakini kidogo, maana wote walikuwa wanangoja dirisha.

"Dirisha," sauti ikasema kutoka ndani ya kikwembe, "umuambie tena. Niko hapa tangu asubui. Niliona anapanguza, anapiga pasi, anapima mayi ku sahani, peke yake, hakuna muntu wa kumusifu. Bwana yangu alirudiaka kutoka ku ziwa mara mingi na mutumbwi mutupu. Siku hata moja sikusema hakutumika kazi. Nilimuambiaka tu, kesho."

Kisha akashuka kwenye magunia akaenda zake. Mimi niliyeshindwa nilibebwa juu mabegani, na Rajabu aliyeshinda akawa anabeba mguu wangu mmoja akilalamika kwamba huku Kongo hawajui kuhesabu.

Apolina alikuja kwangu mvua zilipoanza. Nilipiga biyari miaka mingine mingi, na kila nilipocheza Baraka mkwe wangu alikuja. Alikaa nje chini ya dirisha, ameupa ukuta mgongo, anachambua ndakala zake, masikio wazi. Mpira ukianguka mfukoni, aliliuliza dirisha ni wa nani. Ukiwa wangu, aliendelea kuchambua. Na nikikosa, kabla hata watu hawajaguna, nilimsikia kutoka nje, bila kugeuka, akiniambia neno moja kwa njia ya dirisha:

"Kesho."